Moraa wa Miaka Ishirini na Miwili

Mama yangu huko Nyamira, habari ya majani chai? Hapa Kisii ni mvua tu, na Moraa anakula ndizi vizuri.

Leo hospitalini walimbandika nyaya kifuani ili mashine ichore mapigo ya moyo. Mimi hiyo mashine sikuiamini hata kidogo. Karatasi ikatoka imeandikwa moyo unaenda mbio kupita kiasi. Nikalia. Daktari akaisoma, akaniuliza, "Mama Moraa, huyu ana miaka ishirini na miwili?"

Kumbe nesi alipouliza umri, nilitaja wangu! Daktari akasema moyo wa mtoto wa miezi minane hukimbia hivyo, yuko sawa.

Bado nina shaka. Sabato tukija huko, tukitoka kanisani, weka sikio lako kifuani mwake, uniambie.

Anayekupenda,
Kerubo