Mulango Iko na Mwenyewe

Yaya Astrida, dada yangu mkubwa,

Leo nimeoga katika bafu letu la mabati, lile la nyuma ya lupango, mwisho wa ua wetu. Ungekuwepo ungepiga vigelegele, maana tangu tukuzike nilikuwa najipangusa tu chumbani kwa beseni, mlango nimeusukumia meza. Majirani walidhani ni huzuni ya kilio. Niliwaacha wadhani hivyo.

Nakukumbuka, yaya. Nakukumbuka hata ile sauti yako mbaya! Tulipokuwa askari kule kambini, mimi nikioga mtoni wewe ulisimama njiani, bunduki begani, ukiimba wimbo wako wa Bikira Maria kwa nguvu zote, na hakuna neno lililokaa mahali pake. Wanaume walipiga kelele toka mbali: "Astrida, utaua samaki!" Wewe ukazidisha. Ukipumua nauliza, "Uko?" Nawe: "Niko! Oga tu, mulango iko na mwenyewe, hapiti mtu." Mlango gani, mayo wee, na sisi tuko porini? Nilicheka mpaka sabuni ikachukuliwa na maji.

Ulianza kuniimbia baada ya ile siku komanda aliponiamuru nimpelekee maji ya kuoga nyumbani kwake, peke yangu. Alinibaka, yaya. Naliandika neno hilo kwa mara ya kwanza, kwa sababu sisi wawili tulisema tu "ile siku ya maji". Nilirudi na ndoo tupu. Ulinikanda kwa kitambaa cha moto, ukaniambia polepole kwamba na wewe alikuita hivyo hivyo, kabla yangu. Tungemshitaki kwa nani? Yeye ndiye aliyepokea mashitaka. Tangu hapo, akiita maji, tulikwenda wawili, wewe ukiimba njia nzima kama mtu wa harusi, kambi yote ikigeuka kutazama. Alikuwa anapokea ndoo mlangoni na kutufukuza.

Hata tulipotoka jeshini na kuja kupanga hapa Lubumbashi, uliendelea. Mimi niko ndani naoga, wewe nje unasafisha samaki wako wakavu wa Pweto, umekalia kile kiti chenye mguu mbovu, unaimba. Nikitoka unanigombeza eti nimemaliza maji, halafu tunakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nilidhani tutazeeka hivyo.

Sasa nikuambie habari za binti yako Bea. Amechoka na masomo ya chuo kikuu kule Kasapa, anataka kuingia jeshini. Juzi alivaa kofia yako mbele ya kioo, amefanana na wewe mpaka nikashtuka. Akasema, "Mama alipenda jeshi sana, ndiyo maana alikuwa anaimba kila mara." Wapi! Ningenyamaza vipi, yaya? Ulitaka mtoto akue bila kujua, na mimi nilikubali. Lakini amekwisha kukua.

Leo asubuhi nikamwambia yote, ya kwangu na ya kwako. Nisamehe. Mimi nililia, yeye hakulia. Akauliza: "Mama mudogo, na sasa unaogea wapi?"

Nikamwonyesha beseni. Akachota maji, akayapeleka bafuni, akabeba kiti chako na kukaa mlangoni. Akaanza wimbo wako. Lakini huyu anaimba vizuri, yaya! Nikamwambia toka ndani: siyo hivyo, uuharibu kidogo. Akauharibu kabisa. Tukacheka wote wawili, halafu kilio kikanishika hapo hapo, sabuni machoni, nikauliza, "Uko?" Akajibu.

Hajaniambia kama bado ataenda, nami sikumbana. Ila nakuahidi hivi: akienda, ataenda akijua, na mimi nitaongozana naye mpaka kwa wakubwa wa kambi, nilitamke lile neno mbele yao kabla hajavaa magwanda. Wakinifukuza, nitarudi kesho yake. Na wimbo wako nitauimba njia nzima, na ninavyoimba mimi unajua.

Pumzika sasa, yaya wangu. Umesimama sana kwa ajili yangu, kaa chini. Mulango iko na mwenyewe.

Mudogo wako,
Felisita