Kamati Iliyokuja Kuona Tunavyotunzwa

Nyumba ya Wazee,
Karibu na Mweiga,
Nyeri.

Kwako mdogo wangu Wanja, Mama Njeru,

Nakusalimu wewe kwanza kabla sijamsalimu mtu mwingine yeyote hapo nyumbani. Je, kifua kimetulia, au bado unakohoa na kuwaambia watu kwamba ni moshi tu? Maharagwe yameiva? Na yule ng'ombe wa kupiga mateke, bado mnaye? Mimi mguu hauna vita nami siku hizi, lakini baridi ya huku, inayoshuka kutoka Nyandarua, inaingia mpaka kwenye meno, na meno yenyewe unajua yamebaki machache.

Utashangaa kuona mwandiko huu. Ni wangu mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Ni Kiswahili kile tulichofundishwa ngumbaru, darasa la watu wazima, wakati ulipokuwa ukinicheka kwamba mwanamke mwenye wajukuu anabeba daftari. Mpe mjukuu wako msichana akusomee. Usimpe Njeru kwanza, na utaona kwa nini.

Unakumbuka nilivyoondoka. Mwanangu Nyaga alikuja na gari, akaniambia twende nikae karibu naye Nyeri, na karibu na hospitali, mpaka mguu upone. Nikafunga nguo zangu, nikakuachia kuku, nikajua nitarudi kabla ya mvua. Kwake mjini nililala siku chache tu. Mke wake hakunitendea ubaya, hilo nalisema wazi. Halafu asubuhi moja Nyaga akanileta hapa, akasema ni mahali pa kupumzika. Mguu umepona zamani. Mimi bado napumzishwa.

Hapa palikuwa kwa mzungu mmoja wa mashamba. Baada ya Uhuru aliuza akaenda kwao, na kanisa la Nyaga likachukua nyumba iwe ya wazee. Ukiiona kwa nje utaisifu. Ina veranda ndefu inayopata jua la asubuhi, ina maua, ina mahali pa moto katika kila chumba, ila moto wenyewe hauwashwi, ati tutaungua. Msimamizi ni mama mmoja tunayemwita Matroni. Wanawake wote anatuita cucu, nyanya kwa lugha ya huku, wanaume anawaita guka, babu, na sidhani anajua jina la yeyote kati yetu.

Acha nikuambie tunavyotunzwa, maana huko nje husemwa tofauti. Asubuhi ni uji wa rangi ya maji yaliyooshea sufuria, hauna tone la maziwa, na hapa ni Mweiga, ng'ombe wanapita mbele ya dirisha viwele vimejaa. Mchana ni viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Asiyeweza kwenda chooni mwenyewe anangoja, na akishindwa kungoja analala na unyevu wake hadi mtu apate nafasi. Wasichana wanaotuhudumia si wabaya. Ni wawili tu, na sisi tumejaa nyumba nzima.

Kitanda cha karibu na changu alilala Nyambura, mama wa Kikuyu kutoka Wamagana. Lugha yake na yetu zinasikilizana, kwa hiyo tulikuwa tukiongea mpaka Matroni anatugombeza. Alisema hajapata kuona Mwembu anayenuna kama mimi, na mimi nilimwambia hajapata kuona Waembu. Alikuwa hawezi kusimama. Kwa kulala upande mmoja siku zote, mgongo wake ukafanya kidonda, kwanza kidogo, halafu kikawa cha kuingia ngumi. Nilikuwa nikimgeuza mwenyewe huku nimeshikilia kitanda nisianguke, lakini nguvu zangu unazijua. Nilimwambia Matroni. Akasema dawa imeagizwa.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Makanisa mengine ya huku, na hata letu la hapo Embu, yalitaka kujua kama nyumba hii inafaa ili nayo yalete wazee wao. Ikachaguliwa kamati ije itazame. Nyaga naye akawamo, kwa kuwa ni mzee wa kanisa. Nilifurahi, Wanja. Nilijiambia kwamba sasa anakuja mtu wa damu yangu, mwenye macho.

Siku moja kabla hawajafika tuligawiwa blanketi mpya, nyekundu, zinanukia duka. Tukaoshwa na kukatwa kucha. Mzee mmoja wa chumba cha pili aliuliza kama ni Krismasi. Kisha kamati ikaja, wote wanaume isipokuwa mwenyekiti, mama mmoja mwalimu. Na unajua kwetu mgeni haonyeshwi nyumba kabla hajatia kitu mdomoni. Matroni akawakalisha sebuleni, akawapa chai ya maziwa mazito, chapati na kuku. Sisi tulipata harufu tukiwa vitandani. Wakaomba Mungu aibariki nyumba hii na mikono inayoihudumia, maombi marefu, na walikuwa hawajafungua mlango hata mmoja. Sasa mtu ukishakula kuku wake, utamwambiaje kwamba nyumba yake inanuka? Matroni alilijua hilo kuliko wote.

Walipofika chumbani kwetu, mwenyekiti akauliza, "Mama zetu, mnaangaliwa vizuri hapa?"

Wote wakajibu ndiyo, tunashukuru. Hata Nyambura alishukuru, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mimi nikasimama na fimbo yangu. Nikasema, "Hizi blanketi zimekuja jana, na nyinyi mkienda zitaenda. Uji wetu hauna maziwa. Na kama mnataka kujua tunaangaliwa namna gani, funueni mgongo wa huyu mama muone."

Mwenyekiti akamtazama Nyaga, maana alikuwa ameshaambiwa mimi ni mama yake. Nami nikamtazama. Nilikuwa nangoja neno moja tu, aseme, tuone.

Nyaga akacheka kidogo. "Huyu ni mama yangu, msijali," akasema. "Ni uzee. Siku hizi akili inaendanga ikirudi. Saa ingine hata mimi ananiita na jina ya baba."

"Na sasa nakuita nani?" nikamwuliza. "Wewe ni Nyaga, kifungua mimba wangu. Funua mgongo wa Nyambura."

"Mama, hiyo si heshima. Sisi ni wanaume. Tutaangalia aje mwili ya mama mzee?"

Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, si heshima. Na ni kweli, Wanja, hapo ndipo panaponiuma. Ni mimi niliyemfundisha kwamba mwanamume hatazami mwili wa mwanamke aliye rika la mama yake. Adabu niliyompa mimi ndiyo aliyofunikia kidonda. Mwenyekiti alikuwa mwanamke, angeweza kuwatoa nje akatazama peke yake. Aliushika ukingo wa blanketi, niliuona mkono wake. Halafu akaipapasa tu, akasema Mungu awabariki, wakatoka.

Nimezika mume na watoto wawili. Wakati wa Emajensi ya Waingereza nilichimba handaki chini ya kiboko cha askari. Lakini sijawahi kufanywa kitu kisichosikika namna ile, tena na mtoto niliyemzaa, mbele ya watu aliowaletea tabasamu.

Asubuhi yake blanketi zikakusanywa, zikarudishwa stoo. Nyambura alicheka mpaka akakohoa, akasema angalau nina kipaji cha unabii. Baada ya hapo hakucheka tena sana. Harufu ya kidonda ilipofika verandani ndipo gari lilipotafutwa akapelekwa hospitali, na hakurudi. Binti yake alipokuja kuchukua nguo alimshukuru Matroni, kwa kuwa alisikia kanisani kwao jinsi kamati ilivyoisifu nyumba hii. Nilimwita kando nikamweleza yote. Alilia pale verandani bila kujificha. Ndiye atakayenitilia barua hii posta, kwa sababu zile ninazompa Matroni sijapata jibu hata moja.

Halafu Nyaga akaja alasiri moja, peke yake, na mkate na sukari. Nikamwuliza kwa nini alinifanya mwendawazimu.

"Mama, ungetaka nifanye nini?" akasema. "Ni mimi niliongea juu ya hii mahali kanisani. Ati nisimame mbele ya watu niseme nimeleta mama yangu mahali mbaya?"

"Ndiyo," nikasema. "Hivyo tu."

Akapangusa kofia yake ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akanipa habari kama zawadi. Kamati imepasisha nyumba, na Njeru wako ameomba nafasi yako. "Mtakuwa wawili na tata, mdogo wako Wanja," akasema. "Hautasikia upweke tena." Kitanda chenyewe ni kile cha Nyambura.

Msichana alikuwa ameniletea uji wa alasiri. Nikampa Nyaga kikombe changu kwa mikono miwili. Tangu aanze kula hajapata kukataa kitu kutoka mikononi mwangu. Hata alipokuwa mtu mkubwa, akija nyumbani ameshiba, alikuwa anaonja ili nisisikitike. Akakitazama kile kikombe. "Nimekunywa chai town, mama," akasema, akakiweka chini. Basi nikajua kwamba anajua. Siku ya kamati alijua, na kabla ya hapo alijua. Mjinga ningemsamehe.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Kwanza, usikubali kuletwa. Njeru akisema kifua chako kinakwenda kutibiwa Nyeri, mwambie hata Embu kuna daktari, na usipande gari. Usimkasirikie sana, yeye amesikia maneno ya kamati. Ukishamkatalia, mpe barua hii aisome mwenyewe.

La pili ni zito. Nataka kuja kukaa kwako. Kwangu unajua Nyaga alishamweka mtu wa kulima na nyumba akaitia kufuli. Mwambie Ireri, mtoto wa marehemu kaka yetu, akishashusha ndizi zake sokoni Nyeri afike mpaka hapa. Nitakuwa nimekaa verandani na nguo zangu. Sitaki chumba, jikoni panatosha, karibu na moto. Najua ninachokuomba. Mama mwenye mtoto wa kiume aliye hai kuhamia kwa shemeji yake, watu watasema huyo mtoto ametupwa na mama yake. Ndiyo sababu nilinyamaza miezi hii yote, nikimlindia jina. Nimechoka kumlinda.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, mwambie sitamgusia ugoro wake. Msalimie mke wa Njeru, na mwalimu wetu wa ngumbaru, mwambie wino nautumia. Akina mama wa kikundi cha kusuka vyondo waambie nafasi yangu wasimpe mtu. Wajukuu zangu wa Nyeri, kama watakuja huko likizo, uwalishe, hawana kosa. Baba yao simtumii salamu.

Najua hapo kanisani watakuuliza mbona mama wa Nyaga, yule mwenye nyumba ya mawe Nyeri, analala jikoni kwa dada yake. Wewe usiwajibu. Waje waniulize mimi.

Ni mimi dada yako,
Marigu.