Bamia za Mama

Harlow Notch, Vermont
Jumatano, siku ya pili baada ya mkutano wa mji

Kaka yangu mpendwa Normand,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani kwenu. Natumaini goti lako limetulia, na vyakula vya huko mji mkuu havijakuharibu tumbo. Shemeji yako Wendell yupo, hali yake nitakueleza mbele. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imechafuka, kwa hiyo ukiona mwandiko umelala upande usidhani ni uzee. Ni hasira.

Najua Beverly ameshakupigia simu kukupa matokeo. Lakini Beverly ni mwenyekiti wa mkutano, na kazi ya mwenyekiti ni kuhesabu mikono. Mimi nataka ujue hiyo mikono ilikuwa ya nani, na ambayo haikuwepo ilikuwa wapi.

Ulisema tangu Krismasi kwamba wewe mbunge wetu ni mtumishi wa watu, na kwamba kuhusu ule mswada wa kuwakataza wagonjwa kupanda bangi yao ya dawa nyumbani, utapiga kura kama mji wako utakavyoamua. Sikubishana nawe. Niliujua mji wangu, au nilidhani naujua. Majira yote ya baridi nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba waje waikatae hoja ya Gerald ya kuuunga mkono mswada huo, na karibu kila aliyenifungulia mlango alinikaribisha kahawa akaniambia nisiwe na wasiwasi. Hollis, jirani yetu, alinicheka kabisa. Alisema mji huu hauwezi kumwingilia mtu kwa anachokiotesha dirishani kwake.

Gerald unamfahamu. Tangu achaguliwe kwenye halmashauri anatembea kama barabara ni yake. Alisimama akasema akipita kwangu na mbwa wake anasikia harufu, na kwamba duka lenye leseni ya kuuza bangi ya dawa lipo, sasa kwa nini watu wajitengenezee dawa jikoni. Akauliza kama kuna mtu humu anayechemsha aspirini kwenye sufuria. Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka, kama isingekuwa miguu ya mume wangu.

Hilo duka liko ng'ambo ya mlima, na wewe unajua ile njia inavyokuwa theluji ikianguka. Lakini njia si neno, ningekwenda hata kwa kutambaa. Tatizo ni kwamba msimu wa mapukutiko tuliyajaribu matone yao, kwa sababu yako wewe, ili usiseme dada yako ni mkaidi. Chupa ya kwanza ilimfaa. Ya pili ilikuwa na karatasi ileile na rangi ileile, ila ndani kitu kingine. Misuli ya Wendell ilikaza, miguu ikawa inarusha mateke yenyewe mpaka ikamtupa chini kutoka kitandani. Yule binti wa dukani alinieleza kwa adabu zote kwamba wamebadilisha mkulima. Basi nikarudi kwenye mche wangu wa dirishani. Maua yake nayachemsha na siagi, nampa kijiko kidogo na mkate jioni, miguu inatulia, analala. Halewi, wala hachekicheki. Analala tu kama mtu aliyeshinda anakata kuni.

Nilijiandaa kuyasema hayo yote. Lakini hoja yetu ilikuwa ya mwisho, na asubuhi nzima iliishia kwenye greda la kuchonga barabara. Wanunue jipya au walitie viraka lile la zamani, mpaka nikamaliza kufuma soksi ya pili. Na jua, Normand, jua lilikuwa linawaka. Usiku kulikuwa kumeganda kama jiwe, na ilipofika saa ya maharagwe ya mchana maji yalikuwa yanachuruzika kwenye paa la shule. Wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuambiwa siku ya namna hiyo maana yake nini. Niliwaona wanaume wanakula huku macho yako dirishani. Miti ya mepo ilikuwa imeanza kutoa utomvu wa kupikia shira, na ndoo zilizotundikwa mitini zilikuwa zinajaa bila mtu.

Walianza kuondoka kabla hata pai hazijakatwa. Hollis alipita kwenye kiti changu ameshavaa kofia. Nikamwambia ndoo hazina miguu, hazitakimbia. Akanijibu kwamba hazikimbii ila zinamwagika, na utomvu haumngoji mtu. Akanipigapiga begani: "Dada Odette, hiyo hoja imekufa kabla haijasomwa. Wenzangu wapo." Wenzake walikuwa nje wanawasha magari, na kila mmoja alikuwa ameniambia maneno hayohayo, kwamba wengine wapo.

Basi wakabaki watu wa Gerald, wasio na hata mti mmoja wa mepo, pamoja na bibi wachache wa kanisani ambao ukitaja bangi wanashika mikoba yao. Mimi niliposimama sauti ilinitoka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Wendell akaniomba ninyamaze, akasema mwenyewe kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti wa habari hii ni yeye. Nilidhani tumepona.

Ndipo Beverly akasoma barua uliyoutumia mkutano. Uliandika vizuri, kama kawaida yako. Uliandika kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulima bangi kabla yangu, na kwamba mama yetu alipougua saratani ya mifupa aliondoka kwa sala na chai ya mnanaa, na alilala usingizi wa amani mpaka siku ya mwisho. Bibi mmoja alijifuta machozi. Kisha mikono ikapigwa hesabu. Wendell alinyanyua wa kulia kwa kuushikilia na wa kushoto, usije ukaanguka kabla haujahesabiwa. Tulishindwa kwa mikono michache, michache kuliko ile iliyokuwa msituni inamimina ndoo.

Jioni Hollis alikuja na chupa ya shira, bado ina moto, na kofia mkononi. Sikumfungulia. Alisema kupitia mlango kwamba laiti angejua, na mimi nikamwambia kwamba alijua, alichokosa ni dakika ya kukaa. Aliiacha chupa kwenye ngazi. Nilitaka ilale pale igande, ila Wendell aliisogelea na kiti chake, akaiingiza ndani, akala na chapati za maji, akasema shira haina kosa. Mwanaume huyu atanimaliza.

Sasa nakuja kwako. Kwa watu wa Gerald sina kinyongo, walisema wanachokiamini na walikaa mpaka mwisho. Nimeumia kwa marafiki walioniacha, na nimeumia zaidi kwa hiyo barua yako, kwa sababu ndiyo iliyopindua ukumbi, na haikuwa kweli.

Mama aliniapisha nisikwambie. Alisema, "Normand ni shemasi, atapata taabu ya kuamua. Mwambie siku atakapokuwa na haja ya kujua." Naona siku yenyewe ndiyo hii.

Unazikumbuka bamia za Mama? Zile alizopanda nyuma ya nyanya kiangazi chake cha mwisho, ukamuuliza ni mboga gani hiyo yenye majani kama vidole, naye akakujibu bila kupepesa kwamba ni bamia, chakula cha watu wa kusini. Wewe hukuwa umewahi kuona bamia maishani mwako. Kila Jumapili baada ya ibada ulivua koti, ukajaza ndoo pampuni, ukazimwagilia. Ulimwonea huruma. Uliwaambia watu kanisani kwamba Mama anahangaika na bamia zisizozaa.

Zilizaa, kaka. Ndizo zilizomlaza ule usingizi wa amani unaousimulia. Chai ya mnanaa ilikuwa ya kushushia siagi. Aliyempa tawi la kwanza sitakutajia, ila juzi aliondoka mkutanoni mapema kwenda kumimina ndoo. Mama alinifundisha kukata tawi na kuliotesha kwenye kopo, na nimekuwa nikikata na kuotesha tangu alipofariki. Huo mche wa dirishani, unaomlaza shemeji yako, ni wa Mama. Hakuna duka linaloujua. Mswada ukipita nitaung'oa, kwa kuwa mimi si mvunja sheria, na ukishang'olewa hautapatikana tena popote.

Sikuombi uudanganye mji. Nakuomba, siku ya kunyanyua mkono, ukumbuke ulichokinyeshea maji kwa mkono huohuo.

Wasalimie wote wanaonifahamu huko, na umbusu shangazi Yvonne ukimwona. Wendell anakusalimu sana. Anasema ukija Pasaka usilete kitu, ila uvue koti, kwa sababu bamia zina kiu.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata leo,

Odette