Leo nimelitaja jina la Nyota kanisani

Jumapili, Thamesmead. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokulowesha mara moja, ila ukifika unakokwenda koti limekuwa zito. Saa kumi tu na giza limeshaingia. Nimekaa jikoni, simu nimeilaza kifudifudi mezani, na kila ikitetemeka naigeuza kuangalia.

Naandika ili mikono yangu ipate kazi.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba tangu Septemba nasoma historia jioni, baada ya shifti zangu za kutunza wazee. Sikuanza kwa mapenzi. Nataka kuingia chuo kikuu kabla sijazeeka, na darasa la historia ndilo lililokuwa na nafasi. Muhula huu tunasoma Marekani ya karne ya kumi na tisa. Mwalimu wetu, Mwalimu Rehana, ni mzaliwa wa hapahapa kwa Waingereza, mtaa wa Stanmore. Wazazi wake ni Wahindi wa Kisumu, na Kiswahili chake amekirithi kwa bibi yake, Kiswahili cha jikoni, kitamu, chenye Kiingereza katikati ya kila sentensi. Darasa likiisha hupenda kuongea nami ngazini.

Mwezi uliopita alitufundisha yaliyotokea baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, watumwa walipoachwa huru. Nilitegemea marais na majenerali. Yeye akaanza na watu wenyewe, walifanya nini walipoambiwa sasa mko huru. Wengine walijichagulia majina ya ukoo. Wengine walikuwa wameishi kama mume na mke miaka na miaka bila sheria kuwatambua, wakaenda kufunga ndoa na mvi zao kichwani. Wanaume walipiga kura, na baadhi yao wakaingia mabungeni katika majimbo yaleyale ambako watu kama wao walikuwa wakiuzwa mnadani.

Na wengi walianza kutafuta watu wao.

Walitembea kwa miguu kutoka jimbo hadi jimbo. Walitoa matangazo katika magazeti ya watu weusi, wakataja jina la mtoto, jina la bwana aliyemnunua, mahali walipoonana mara ya mwisho. Wakawaomba wachungaji wayasome matangazo hayo kanisani, maana wengi hawakujua kusoma. Mama alimtafuta binti aliyeuzwa akiwa mdogo, ambaye sasa, kama yu hai, ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilipofika hapo kalamu ilisimama. Sikusikia tena kilichosemwa darasani.

Mimi nina dada. Anaitwa Nyota.

Sijawahi kuandika habari zake hapa. Kwetu ni upande wa Fizi, Kongo ya mashariki, kando ya Ziwa Tanganyika. Asubuhi vita vilipofika, Nyota alikuwa amepanda shambani mlimani kuchimba muhogo. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tulikimbilia ziwani na mama, na mama akasimama pale majini akiangalia njia ya mlimani, mtumbwi unajaa, watu wanamwita, mpaka wanawake wawili wakamshika mikono wakamvuta ndani. Baba alikuwa ameshakufa kabla ya vita. Tulivukia Kigoma, tukaishi kambini miaka kabla ya kuletwa huku, na Kiswahili hiki ninachoandika nimekinyooshea huko. Siku moja mtu akaja na habari kwamba wote waliokuwa mashambani asubuhi ile waliuawa. Mama akaweka matanga. Tangu hapo jina la Nyota halikutajwa tena nyumbani.

Habari ile ilikuwa ya mdomo tu. Aliyeileta hakuuona mwili wa mtu.

Siku ile ngazini nilimuuliza Mwalimu Rehana kama wale watu walipatana.

"Wachache sana, Esta," akasema. "Lakini hawakuacha. Wengine walitangaza mpaka uzeeni."

Somo lililofuata lilinitia hofu ya namna nyingine. Tulisoma jinsi haki zile zilivyorudishwa nyuma. Wanajeshi waliokuwa wakiwalinda waliondolewa, watu waliofunika nyuso wakawa wanakuja kwenye nyumba za waliopiga kura, na baadaye zikatungwa sheria za kuwazuia bila hata kutaja rangi yao. Mtoto aliyemwona baba yake akipiga kura akakua, akafika umri wa kupiga kura, asiruhusiwe. Nilirudi na basi nikiwaza habari ninazozisikia kila siku redioni kwa mzee ninayemtunza, za kubadilisha masharti ya sisi tuliokuja. Mimi nina pasipoti ya hapa. Mama bado ana kibali tu cha kuishi. Sikujua kwamba haki inaweza kuja na kuondoka ndani ya maisha ya mtu mmoja. Nilidhani ikishafika imefika.

Labda hofu hiyo ndiyo iliyonisukuma. Nilijiambia, kama kuna jambo nataka kulifanya, nilifanye sasa.

Nilimwambia mama Jumatano, tukimenya viazi. Nilimweleza juu ya wale mama wa Marekani, na matangazo, na makanisa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha nikasema nataka kumwomba Pasta anipe nafasi Jumapili nimtangaze Nyota.

"Nilishamlilia," mama akasema. "Mtu halilii maiti mmoja mara mbili. Usinifukulie kaburi, Esta."

Akaniachia viazi akaenda chumbani.

Siku zilizofuata tuliishi kama wapangaji. Binti yangu Neema, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza nimemfanyia nini Koko, yaani bibi yake. Nilipomweleza, akashangaa kwamba ana mama mkubwa. Miaka kumi na sita hakujua. Nilitamani akasirike, lakini aliuliza tu kama tuna picha yake. Hatuna.

Nilifikiri kuacha. Nani amenipa ruhusa ya kuuchokonoa uchungu wa mama yangu kwa sababu ya kitu nilichosoma darasani? Ijumaa nilimpigia Pasta nimwambie basi, tuache. Alipopokea nikajikuta namwomba dakika chache baada ya matangazo ya kwaya. Akakubali, akaniombea kwenye simu.

Leo asubuhi mama alisema mguu unamuuma, haendi. Nikatoka na Neema, tukapanda basi la Peckham. Kanisa letu ni ukumbi wa kukodi juu ya duka la nywele, na wengi wetu ni watu wa Kivu, wengi tunaofanya usafi na kutunza wagonjwa. Nawajua karibu wote kwa majina. Nilidhani hilo litanisaidia, kumbe ndilo lililonitisha zaidi. Nilikuwa nimekaa nao miaka yote hii bila kuwaambia.

Pasta aliponiita, niliinuka. Nikafika mbele. Nikasema: namtafuta dada yangu Nyota, binti wa marehemu Lubunga, wa upande wa Fizi. Alikuwa shambani asubuhi tuliyokimbia. Ana kovu la moto mkono wa kushoto. Nikabaki nimesimama pale na maiki mkononi.

Ndipo nikasikia mtu akiongea nyuma, mlangoni.

Mama alikuwa amesimama na koti lake lililolowa. Alikuja na basi la nyuma yetu, peke yake, yeye ambaye hata dukani hataki kwenda bila Neema. Hakuja mbele. Aliongea palepale alipokuwa, na ukumbi wote ukageuka.

"Mkiuliza Nyota hamtampata," akasema. "Nyota ni jina la shule. Wanawake wa kwetu walimwita Kabibi. Ulizeni Kabibi wa Lubunga. Waambieni mama yake alipanda mtumbwi, hakumngoja. Waambieni yu hai, anamtafuta."

Jina la Kabibi nilikuwa nimelisahau kabisa. Lilinirudia na harufu ya moshi na sauti za shangazi zangu, nikakaa chini sakafuni mbele ya watu wote.

Sijui Pasta alikuwa amepanga kuhubiri nini. Hakuhubiri. Baba mmoja mtu mzima, shemasi wetu ambaye siku zote hucheka, alisimama akamtaja kaka yake. Akafuata dada wa kwaya, akataja watoto wawili wa mama yake mdogo. Wakaendelea hivyo, mmoja akikaa mwingine anainuka, wanataja jina, kijiji, mara ya mwisho. Hakuna aliyepiga kelele. Neema alikuwa ananasa sauti kwa simu tangu nilipoanza mimi, machozi yanamtiririka, na nikaona anajitahidi kuandika majina ya vijiji asivyowahi kuvisikia.

Hakuna aliyemjua Kabibi.

Baada ya ibada wanawake walimzunguka mama. Mmoja wao, Mama Rachel, ana ndugu Kigoma na Kalemie, pande zote mbili za ziwa. Akachukua sauti ya mama kwenye simu ya Neema akaituma kwenye makundi ya watu wa ziwani. Mchana huuhuu ilikuwa imeshapita kwenye simu za watu nisiowajua. Na mimi nikaanza kuogopa upya. Itakuwaje tapeli akipiga akajiita Nyota? Itakuwaje akipatikana mtu aliyemzika? Nimemtoa mama yangu kwenye kilio kilichokwisha, nikamweka kwenye kungoja ambako hakuna mwisho. Wale mama wa Marekani, ambao tangazo lao halikujibiwa, walilalaje?

Saa tisa ujumbe uliingia. Mwanamume wa Kalemie anasema kina Kabibi ni wengi, lakini yuko mmoja anayeuza dagaa kijiji cha kusini, mtu mzima, haongei sana juu ya kwao. Huyo mwanamume hajui baba wa Kabibi huyo ni nani. Hajui habari za kovu. Ataulizia akienda huko wiki hii.

Ni hilo tu. Nilimsomea mama mara moja, nikarudia kumwambia kwamba huenda si yeye, kwamba asiweke moyo. Akaenda kuvua viatu.

Sasa hivi, nikiwa naandika, amekuja kusimama mlango wa jikoni. Anaangalia sebule yetu ndogo, kochi, meza ya vitabu vya Neema, na kile chumba anacholala yeye.

"Akija," ananiuliza, "tutamlaza wapi?"

Nimeinuka, tunapima kochi kwa mikono.