Baba, Huyu Ni Mbwa Wako?

Kwako Baba, ulikolala kule juu ya Nyololo,

Najua hukupenda barua. Mtu akikuletea barua ulimwambia aisome kwa sauti akiwa amesimama, akimaliza aondoke nayo. Hii sijui nani atakusomea. Naandika kwa sababu nimechanganyikiwa, na wa kumuuliza ni wewe tu.

Siku hizi nafanya kazi Iringa, kwenye kituo cha kutunza wanyama waliotupwa. Usicheke. Mimi niliyekuwa nazunguka nyumba nzima ili nisikutane na jogoo, mimi uliyenitambulisha kwa wageni kwa kusema, "Huyu hata kuku anamwogopa," sasa nina mbwa zaidi ya thelathini, paka nisiojua idadi yao, na punda wawili waliochakazwa migongo kwa kubeba maji. Asubuhi nachemsha dona na dagaa kwenye sufuria kubwa kama ya msibani. Mchana nafua matandiko. Jioni nanuka, na nimeshazoea kunuka.

Kazi yenyewe inaudhi, nisikudanganye. Mtu anafunga vitoto vya mbwa kwenye kiroba cha unga, anaviacha getini, na fundo amelikaza utadhani anapeleka mahindi mashineni. Mwingine anahamia Dodoma, anatuletea mbwa aliyemlinda miaka minane, kisha anauliza kama atarudishiwa mnyororo wake. Mama mwenye nyumba ninayopanga aliniuliza kama kweli nilisoma hadi kidato cha sita ili nije kuogesha mbwa. Halafu kuna mjane mmoja wa Kihesa aliyemchukua mbwa wetu wa miguu mitatu. Hunipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani, wala si kunisalimu, ni kuniambia mbwa amekula nini. Nikikata simu nacheka peke yangu, na wiki nzima inakwenda. Mtu anaweza kuichukia kazi asubuhi na kuipenda saa sita mchana ya siku hiyo hiyo. Kama nawe ulikuwa hivyo na shamba lako, hukutuambia.

Unamkumbuka Mtachoka? Najua unamkumbuka. Ulimpa jina lile mwaka ulipogombana na Mzee Mgaya, jirani yetu, kuhusu mpaka wa shamba la viazi. Wengine walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wewe ukaenda kutafuta mbwa. Ulimkata ncha ya sikio la kushoto kwa kisu cha jikoni, ukapaka majivu, ukasema mbwa asiyekatwa sikio hawi mkali. Mama alikasirika kwa sababu ya kisu chake. Tangu siku ile, kila Mzee Mgaya alipopita njiani kwenda shambani, ulisimama uani ukaita kwa sauti yote, "Mtachoka!" Mzee Mgaya alijua anayeambiwa ni nani. Kijiji kizima kilijua.

Na mbwa mwenyewe hakuwahi kuja alipoitwa, hata mara moja. Ukiita, alinyanyuka, akakupita, akaenda kuketi penye lango la miti akitazama njia. Alikuwa amejifunza kuwa jina lake likitajwa kuna mtu anapita. Ulikuwa unamwita mpumbavu, na jioni unampa nusu ya ugali wako.

Sasa nifike pale ninapopakwepa kila mara.

Ulipofariki na matanga yakaisha, ukoo uliketi uani kugawa vitu vyako, kama kawaida yetu. Baba mdogo alinyanyua kimoja kimoja juu ili wote waone. Koti lako la baridi, kwa Kaka Elia. Baiskeli, kwa mtoto wa shangazi. Redio, kwangu. Hata kofia yako iliyotoboka ilinyanyuliwa ikatajiwa mwenyewe. Mbwa alikuwa amelala katikati yetu, watu wakimruka kupeana vitu, na hakuna aliyemnyanyua, maana mbwa hayumo katika vinavyogawiwa. Mimi nilidhani Kaka Elia atamchukua, ana uwanja mkubwa kwake Ilomba. Kaka Elia, aliniambia baadaye, alidhani nitamchukua mimi, kwa kuwa nilikuwa nyumbani siku zote za kukuuguza. Tuliondoka pamoja kwenye gari la kukodi. Mtachoka alitufuata mpaka barabara kuu. Nilimwona kwa kioo cha nyuma akikimbia, kisha akitembea, kisha amesimama. Nikasema moyoni, atarudi nyumbani. Nyumba ilikuwa imefungwa kufuli, na funguo nilikuwa nazo mimi, mkobani.

Miaka minne, Baba. Sijawahi kuuliza. Nilipoomba kazi hapa nilisema kwenye usaili kwamba nawapenda wanyama. Sasa sijui kama ilikuwa kweli, au nilikuwa natafuta mahali pa kulipia.

Mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya kuuma masikio, dereva wa lori alituletea mbwa mzee. Alisema alimkuta Nyololo, pale malori yanapoegeshwa, amelala chini ya lori lake karibu na tairi. Dume la kahawia, mdomo umeota mvi, sikio la kushoto limekatwa ncha. Mimi niliona sikio nikatulia. Huku kwetu mbwa akishachanjwa na kuhasiwa, daktari humkata ncha ya sikio la kushoto angali usingizini, ili hata akipotea mtaani tumjue kwa mbali. Kwa hiyo niliandika kwenye daftari: huyu ameshahasiwa. Nikamweka upande wa majike, kwenye jua, maana ni mzee na baridi ni kali.

Miezi miwili baadaye tukapata watoto watano.

Daktari wetu, Dada Nuru, alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Kisha akamkagua yule mbwa mzee vizuri, akalishika sikio na kuligeuza. "Hili si la kwetu," akasema. "Sisi tunakata kwa mkasi, ukingo unanyooka. Hili limekatwa na mtu kwa kisu cha nyumbani."

Nilikuwa nimeshika beseni. Nililiweka chini taratibu nisije nikalidondosha.

Tangu siku hiyo sina amani. Nilimpigia Kaka Elia, nikamuuliza Mtachoka alikuwa na rangi gani. Akasema mweusi. Kaka yangu, mtoto wako wa kwanza, anasema mweusi. Nakumbuka kahawia, na mguu mmoja wa mbele mweupe, ila sikumbuki wa upande gani. Huyu ana mweupe wa kulia. Nilitafuta picha. Picha pekee niliyonayo ni ile umeketi na redio, na mbwa ameonekana mkia tu.

Nikajikaza nikampigia Mzee Mgaya. Nilitegemea anikatie simu. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kama nimeolewa, kisha akasema mbwa alikuwa kwake. Baada ya msiba alirudi akalala mlangoni kwako siku nne, siku ya tano Mzee Mgaya akaenda na ugali. Nilimuuliza alimpa jina gani.

"Mwanangu, mbwa ana jina lake. Nilikuwa nasimama uani kwangu naita Mtachoka, watu wananicheka. Sasa ningefanyaje?"

Miaka mitatu na ushee, Baba, huyo uliyemtukana kwa kutumia mbwa alimlisha mbwa wako. Nilimwomba msamaha, sijui kwa niaba ya nani, yako au yangu. Akasema mbwa alipotea msimu wa mahindi mabichi. Hapo tena nikachanganyikiwa, kwa sababu mahindi mabichi ni mwezi wa tatu, na lori lilikuja mwezi wa saba. Alikuwa wapi katikati? Kuhusu mguu mweupe, yeye anasema ulikuwa wa kushoto. Lakini anasema pia macho yake siku hizi hayafai.

Utaniuliza kwa nini sikumwita tu kwa jina. Kila asubuhi nilisimama mbele yake na chakula, neno limefika mdomoni, nikalimeza. Akiwa ndiye, basi ndiye niliyemwacha barabarani, na nimemlisha miezi bila kumtambua. Akiwa siye, basi Mtachoka amefia mahali fulani kando ya lami na hakuna aliyejua. Majibu yote mawili sikuyataka.

Jana ndiyo iliyonilazimisha. Kituo kimejaa, na mkuu wetu amesema mbwa akipata mtu mwema aende. Alikuja mtu kutoka Chunya, ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu, mtu mstaarabu, amekuja na blanketi lake. Vijana wote aliwapita, akasimama kwa yule mzee. "Huyu ananifaa, dada. Mbwa kijana anazurura, mzee anakaa na wewe." Sikuwa na sababu ya kumkatalia. Mkuu alikuwa ameshaandika kibali. Nilimfungulia mbwa atoke uwanjani, mtu wa Chunya akachuchumaa, akampigia mluzi, na mbwa akaanza kumwendea.

Nikaita, Baba. Sikuita kwa upole nilivyokuwa nimepanga. Ilitoka kama sauti yako, mpaka punda wakageuka.

"Mtachoka!"

Mbwa alisimama. Alinitazama, mkia haukutikisika. Nikajisemea, siye, na sikujua kama naumia au nashukuru. Kisha akageuka, akanipita, akampita yule mtu na blanketi lake, akatembea polepole na nyonga zake mbovu mpaka getini. Akaketi. Akawa anatazama barabara, aone nani anapita.

Mbwa wengi huketi getini. Najua hilo, naliona kila siku. Hata leo bado najiuliza, na mguu mweupe bado ni wa kulia.

Nilimwambia yule mtu anisamehe, mbwa ana mwenyewe. Alinitazama, akautazama mgongo wa mbwa kule getini, akauliza bila hasira, "Lakini dada, umemwita na hakuja."

Nilijibu kabla sijafikiri. Nikamwambia, "Huyo hajawahi kuja."

Pumzika, Baba. Mzee Mgaya ameomba mtoto mmoja wa kiume katika wale watano, na amesema jina atampa yeye mwenyewe. Sufuria inachemka, naenda kupakua.

Ni mimi binti yako wa mwisho, mwenye funguo.