Gari Lisilo na Klachi

Jumamosi, 14 Juni 2025
Baridi ya leo Njombe haina adabu. Gari limegoma kuingia gia mpaka lipate joto. Nimelisubiri. Nifanyeje? Nimelinunua mwenyewe kwa pesa ya parachichi: milango miwili, spidi ya kutisha, klachi hamna. Kompyuta ndiyo inayokanyaga. Wewe unabonyeza vidude viwili nyuma ya usukani — cha kulia gia inapanda, cha kushoto inashuka. Usipolegeza mafuta kidogo, linakutikisa kichwa kama mtu anayekubali jambo.

Watu wanauliza: oto au manyuali? Nasema katikati. Wananipa pole.

Jumapili, 15 Juni
Nimempeleka Irine kwao, kijijini Yakobi, baada ya misa. Mjomba Rabson, mshenga wangu, alipeleka posa tangu Pasaka. Mzee Festo, baba yake Irine, hajasema ndiyo, hajasema hapana. Ameendesha malori ya mbao mpaka kustaafu. Leo kachungulia pale chini kwa dereva. Akauliza, klachi iko wapi? Nikamweleza. Akasema mwanamume anayekanyagiwa klachi, nyumbani ataamua nini? Akaingia ndani kunywa chai. Sikukaribishwa.

Nimeumia, sifichi. Irine nampenda hata gari naweza kuliuza. Nimelisema hilo kwa sauti, nikiwa peke yangu, nalo likanitikisa kichwa.

Jumatano, 18 Juni
Mjomba kaleta habari. Mzee anataka kuliendesha yeye, Jumamosi, hadi Makambako. Jibu la posa atalitoa baada ya hapo. Irine kaniambia: usimfundishe. Ukimfundisha tumekwisha!

Jumamosi, 21 Juni
Makambako, stendi. Naandika nimekalia kreti ya soda.

Mzee alikuja na koti lake la enzi za lori. Tuta la kwanza akataka kupunguza gia. Mguu wa kushoto ukatafuta klachi — ukakuta breki! Paji langu likagonga kioo. Akasema breki za gari hili ni kali. Nikasema ndiyo, Baba. Tuta la pili, vilevile. Ndiyo, Baba. Kabla ya la tatu akasimama pembeni, akavua kiatu cha kushoto, akanipa nikishike. Mguu akaukunja, akaukalia. Hakunitazama.

Baada ya hapo nilikuwa nasali tu. Mzee alibonyeza kulia, kushoto, kulia, anacheka peke yake. Malori ya mbao aliyapita yote, kila moja kwa honi.

Hapa stendi kanituma maji. Nimerudi, gari hamna.

Irine kapiga simu sasa hivi. Baba kasimama njiani, kampigia, kasema: mwambie mkwe wangu apande basi. Mkwe! Nimemwomba arudie. Karudia, analia na kucheka. Machozi yamenitoka mbele ya wauza karanga, na kiatu cha mzee kwapani.

Nikauliza, na gari atalirudisha lini? Kasema: Hilary, hilo kwa sasa tusiliulize, tusije tukaharibu posa.