Visu Saba na Mtani Mmoja

Alhamisi, 2 Agosti 1951

Leo vimetimia saba. Saba! Kuanzia stesheni mpaka sokoni, nani mwingine hapa Dodoma ana visu saba vya kukunja na hata ndevu hajaota? Ni mimi, Seth, niliyefukuzwa darasa la tano kwa kucheka wakati wa sala. Mwalimu alisema sitafika popote. Nimefika dukani kwa Mansukh, nafungua makasha ya misumari, na mfukoni nina kisu. Yeye mwalimu bado anachonga penseli kwa wembe.

Hiki cha saba nimekitoa kwa dereva wa lori la Kongwa. Kule mradi wa karanga umekufa, Wazungu wanafunga mizigo, wanauza mpaka vijiko. Nimempa shati langu la bluu, kanipa kisu. Mpini mweupe, unang'aa kama ndani ya kombe. Nimekiita Bibi Arusi. Shati lenyewe lilikuwa limechanika kwapani, ila hakuinua mkono kutazama.

Wenzake: Bwana Shauri, mkubwa wao, ana makali manne na msumeno. Pembe, mpini wa pembe ya nyati (au ya ng'ombe, lakini mimi nasema nyati). Mlevi, ukimfungua anayumba. Mapacha wawili, Mansukh alivitupa kwa sababu springi zimelegea. Na Kipofu, wa kwanza kabisa, nilimwokota relini. Kutu tupu. Hakati hata embe bivu.

Kazi yangu ya asubuhi ni kuchagua. Navipanga juu ya mkeka kama askari. Kaptula ina mifuko miwili ila mmoja umetoboka, kwa hiyo kisu ni kimoja kwa siku. Kesho Bibi Arusi, kwa vyovyote.

Ijumaa, 3 Agosti

Bibi Arusi ameolewa. Siku moja tu!

Ni Bartolomayo. Huyu ni dresa wa hospitali, Mhehe wa Iringa, basi ni mtani wetu sisi Wagogo. Zamani alikuwa anachukua sigara yangu sikioni, yamekwisha. Leo kaingia dukani na koti lake jeupe, kaniamkia kwa Kigogo: mbukwa, mtumwa wangu, mifuko inasemaje leo?

Nikamjibu inasema wewe mla mbwa urudi kwenu.

Akatia mkono mwenyewe mfukoni mwangu. Akakitoa, akakifungua, akakipuliza. Ahsante, kitakata bandeji.

"Hicho hakijalala kwangu hata siku mbili!"

"Kije kilale kwangu. Kwangu kuna kitanda. Na siku mkipata msiba nitakuja kuchukua vyote vilivyobaki, halali yangu. Nani atawazika ninyi Wagogo kama si mimi?"

Watu wakacheka. Mansukh nyuma ya mizani alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, maana mtani akichukua kitu chako unacheka. Ukinuna umeshindwa, na sokoni kote watajua. Nilicheka kwa meno. Tumbo halikucheka.

Jumamosi, 4 Agosti

Nilichukua Bwana Shauri nikifikiri Mhehe ataogopa ukubwa. Hakuogopa, kamchukua.

Sasa nina akili. Vizuri vyote vinalala chini ya godoro. Kuanzia kesho natembea na Kipofu.

Jumapili, 5 Agosti

Nimekwenda nyumbani Mtumba kwa baisikeli ya Mansukh. Mama hajambo. Baba hajambo, ananiita tajiri. Kaniuliza visu saba vya nini, una mikono saba? Nikamwambia sasa ni vitano. Akacheka na lile pengo lake la meno mawili ya chini — wazee wote kule waliyang'olewa utotoni, ndiyo ilikuwa desturi. Sisi wa misheni tunayo yote. Nikamwambia baba, kwenye pengo hilo naweza kuegesha baisikeli. Mama akanirushia mwiko.

Mchana tukaziba zizi kwa matawi ya mgunga. Nilikuwa nakokota tawi upande wangu huku naimba, baba upande wake, mara akasema ah. Mwiba umepita katambuga mpaka kisiginoni. Ukakatikia ndani.

Akakaa palepale, juu ya samadi, akanyoosha mguu. "Lete kisu, wewe tajiri wa visu."

Nikamtolea Kipofu.

Alikitazama kwanza. Akauliza hiki ni kisu au kijiko? Kisha akachokonoa. Alichokonoa sana, maana hakikati, kinasukuma tu. Mwiba ukatoka na damu kidogo. Akakipangusa kwenye shuka lake akanirudishia, akasema siku nyingine niletee kinachoona.

Tukamaliza zizi. Jioni nikarudi mjini, upepo wa mbele, vumbi mpaka masikioni.

Jumatano, 8 Agosti

Nimemshinda Mhehe!

Kaja, katia mkono mfukoni, kakitoa Kipofu. Akakigeuzageuza kama samaki aliyeoza. Akakirudisha kwa vidole viwili. Anasema hiki hata mtani hachukui, kinanuka ng'ombe, nikakioshe kabla hakijaua mtu.

Duka zima lilicheka, nami safari hii nilicheka kwa tumbo. Hakuchukua! Kaondoka mikono mitupu. Mansukh kasema wewe boi, leo iko hodari.

Jumatatu, 13 Agosti

Kipofu tena. Jana na juzi Kipofu. Vile vizuri viko chini ya godoro, navipapasa tu kabla ya kulala. Kuwa na kisu kizuri ukatembea na kibovu, huu ni utajiri gani? Pembe hajaona jua wiki nzima. Labda kesho nimtoe, nipite njia ya nyuma nisikutane na koti jeupe.

Jumanne, 14 Agosti

Nilimtoa Pembe. Nilikuwa mlangoni namenya muwa, watu wananitazama.

Likaja lori la kuni kutoka Mtumba, mama amekaa juu ya kuni, na baba amelala. Nilikimbia. Shikamoo baba. Hakuitika. Nikasema baba leo umeninunia, ni lile pengo? Akanitazama, anacheka. Meno yote nje. Nikacheka na mimi.

Halafu nikaona macho yake hayacheki.

Mama kasema tangu jana asubuhi hafungui kinywa. Kwanza alisema shingo, amelalia vibaya. Kisha taya likagoma. Jirani kamkanda kwa mafuta, bure. Tumempeleka hospitali kwa lori lilelile. Kila likiingia shimoni mgongo wake ulikuwa unakakamaa kama upinde, na kile kicheko hakitoki usoni.

Bartolomayo ndiye aliyetupokea. Nikamwona anavuta pumzi kunitania. Akamwona baba. Akazishusha bila utani.

Jumatano, 15 Agosti

Ni pepopunda.

Wamemweka chumba cha mwisho peke yake, dirisha limezibwa kwa blanketi. Haitakiwi nuru wala sauti. Mtu akiangusha kikombe tu mwili mzima unamvutika. Bartolomayo kanifundisha kuingia: viatu nje, mifuko mitupu, chochote kinachogongana kibaki barazani. Nikamtoa Pembe nikamweka juu ya ukuta. Ni mara ya kwanza tangu niache shule kutembea bila kisu. Mfuko mwepesi. Mguu wenyewe naona mwepesi.

Mimi ambaye sijui kunyamaza, nimekaa humo tangu asubuhi.

Barazani aliniuliza kama mzee alijikata. Nikasema mwiba, zizini, Jumapili ya wiki ile. Nani aliutoa? Mwenyewe. Kwa kitu gani?

Nikasema kwa Kipofu.

Hajui ninavyoviita, ikabidi nimweleze ni kile alichokataa. Kisha akasema mwiba peke yake unatosha, na samadi peke yake inatosha, amewaona wengi ambao hawakuguswa na kisu chochote. Nikamwuliza tena ili aseme tena. Akasema vilevile. Ila mara ya pili alikuwa anatazama miguu yake.

Alhamisi, 16 Agosti

Wamempiga sindano. Daktari Mzungu alikuja, akainua kope la baba kwa kidole, akasema maneno na Bartolomayo, akatoka kwa ncha za viatu. Mama ananiuliza amesema nini. Mimi ndiye msomi wa familia! Nikamwambia amesema tungoje. Sikusikia hata neno.

Baba hawezi kula. Meno yamebana kama mtego. Lakini mama kachukua kijiko cha chai, kajaza maziwa, kayapitisha taratibu palepale chini, kwenye pengo. Yakaingia. Matone matone, nusu yanamwagika shingoni, lakini yanaingia. Mama akaninong'oneza: ndiyo maana waliyang'oa.

Basi desturi yote ile ilikuwa kwa ajili ya hili. Wazee walilijua. Nami nilitaka kuegesha baisikeli.

Nikapima kwa ulimi meno yangu, yote yapo. Nikiugua mimi nitalishwa wapi?

Ijumaa, 17 Agosti

Mansukh hajauliza kwa nini siendi dukani. Kaleta mwenyewe kopo la maziwa na jora la kaniki la kuongeza dirishani, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kasimama kidogo. Kasema pole, mama. Kaondoka.

Adui ni treni. Nuru tumeziba, mbwa nimewafukuza kwa mawe, watoto wa wagonjwa nimewatishia. Lakini treni ikipiga honi stesheni sauti inapita kaniki, inapita blanketi, inamkamata baba. Anapinda mpaka anasimamia kichwa na visigino, na mama na mimi tunatazama, maana kumshika ni kumzidishia. Kutazama tu. Jasho linamtiririka na anacheka kile kicheko.

Nikakumbuka nina kitu. Nikakimbia chumbani kwangu, nikavipanga mkekani, nikachagua kwa mara ya kwanza bila kufikiri nani ataniona. Pembe. Ndiye bora aliyebaki. Nikaenda mpaka kwenye injini. Dereva ni Kalasinga mmoja mwenye ndevu za mvi, nikamwamkia, nikamwambia baba yangu yuko hospitali, ukipiga honi anakufa kidogo, chukua kisu hiki usipige.

Wapakia makaa walicheka sana. Yeye hakucheka. Kasema mtoto, treni isiyopiga honi inaua watu njiani. Kakirudisha kisu mkononi mwangu. Kasema nitapiga fupi.

Alipiga fupi. Nilikuwa bado njiani, nikaisikia: fupi kweli, kama mtu aliyekatizwa. Nikakimbia kwa furaha.

Mama kasema hata hiyo ilimkunja.

Jumamosi, 18 Agosti

Naandika barazani. Asubuhi nilijaribu kumlisha mimi, kijiko kikagonga jino. Mama kakichukua kijiko.

Mchana maziwa hayakuingia tena. Yanakaa pale pengoni, yanatoka.

Sasa hivi Bartolomayo amekuja akakaa hapa ukutani, kando yangu. Koti hakuvaa. Katoa mfukoni kifurushi cha bandeji, kakifungua juu ya goti langu. Bibi Arusi na Bwana Shauri. Wamesuguliwa, wametiwa mafuta, hata msumeno unang'aa.

"Chukua vyako, Seth."

Seth! Tangu tujuane mimi ni mtumwa wake, ni Mgogo, ni mbuzi. Sikujua kama jina langu analijua.

Nikasema wewe vipi, mla mbwa, umeogopa makali? Nikamtukania kwao, nikamwambia Wahehe wote hawana kisu kimoja kinachokata. Nilitukana vizuri, nilitukana kama siku za dukani, ila kwa kunong'ona kwa sababu ya chumba kile. Akasema ndiyo, ndugu yangu.

Nikamtolea na Pembe. Nikavipanga vyote vitatu ukutani, mpini upande wake. Nikamwambia chagua. Chukua kimoja tu. Chukua unachokitaka, nitacheka, naapa nitacheka.

Akavirudisha kiganjani mwangu, akanifumba vidole juu ya visu, kimoja baada ya kingine.

"Leo sichukui."

"Kesho?"

Ameinuka. Ameingia ndani, na viatu hakuvua.

Nimevitia vyote mfuko mmoja, ule mzima, unavuta kaptula upande. Upepo umetulia. Treni ya leo bado haijafika, nasikiliza labda yule Kalasinga ndiye atakayekuja, labda atapiga fupi tena, labda

Mama ananiita kutoka chumba kile. Anaita kwa sauti, jina langu lote, na hakuna anayemwambia anyamaze.